Methali Si Kufuli la Kinywa

Wahenga walinena kwamba mwacha mila ni mtumwa. Mwaka jana niliisikia methali hiyo ikitumiwa kama rungu. Tulikuwa kikaoni nyumbani, tukigawa shamba la marehemu baba. Dada yangu, mjane, alipoulizia sehemu yake, ami mmoja alimtupia maneno hayo, na kikao kikanyamaza. Nami, niliyesomea isimu hadi shahada ya uzamifu, nilinyamaza pia.

Aliyevunja kimya ni shangazi yetu, ajuza asiyejua kusoma. "Mila hiyo ilikuwa na kazi," alisema. "Binti hakupewa shamba kwa kuwa alilima kwa mumewe, na akirudi, kaka zake walimlisha. Nani kati yenu amemlisha huyu tangu afiwe?" Hakuna aliyejibu.

Marehemu Profesa Henry Odera Oruka wa Chuo Kikuu cha Nairobi alitumia miaka mingi kuwahoji wazee wa aina hiyo. Katika kitabu chake cha mwaka 1990 kuhusu falsafa ya wenye hekima, alimtofautisha mzee anayehifadhi na kueleza imani za jamii yake na yule anayezipima kwa akili yake mwenyewe, hata akathubutu kuzipinga.

Lugha yetu inamwunga mkono. Haraka haraka haina baraka. Ngoja ngoja huumiza matumbo. Kiswahili kimezihifadhi zote mbili kwa sababu hekima haimo katika methali peke yake, bali katika kujua mahali pake. Ajabu ni kwamba shuleni aghalabu twawakaririsha watoto methali na maana yake, kisha twadai tumewarithisha busara.

Wapo wanaolalamika kwamba usasa ndio uliozika hekima ya jadi. Sikubaliani nao. Katiba yetu ya mwaka 2010, Ibara ya 60, inataka ubaguzi wa kijinsia uondolewe katika sheria, mila na desturi zinazohusu ardhi. Shangazi hajaisoma, lakini alifika papo hapo kwa njia ya kale: aliuliza mila iliwekwa imlinde nani.

Dada alipata ekari moja. Nami ningali naona haya kwa kimya changu. Naam, mwacha mila ni mtumwa. Lakini anayeifuata bila kujua kazi yake, je, yeye ni huru?