Tuzikague Dawa za Wazee Wetu

Ndugu wasomaji, fungueni mfuko wa dawa wa mzee aliye nyumbani kwenu. Mtakuta vidonge vya presha, vya sukari, vya magoti, vya tumbo na vya usingizi. Vingine vya hospitali, vingine vya duka la dawa, vingine kapewa na jirani. Kila kimoja kililetwa kwa nia njema. Je, nani amewahi kuvitazama vyote kwa pamoja?

Jambo hili si dogo. Mwaka 2017 Shirika la Afya Duniani lilipozindua kampeni ya kupunguza madhara ya dawa, wingi wa dawa kwa mgonjwa mmoja ulikuwa miongoni mwa mambo matatu yaliyopewa uzito wa kwanza. Figo na ini hupungua nguvu kadiri umri unavyosonga, hivyo dawa nyingi hukawia mwilini mwa mzee na kumlemea.

Tazameni mambo yanavyofuatana. Mzee huandikiwa amlodipini ya kushusha presha. Miguu inavimba, kwani dawa hiyo huwavimbisha baadhi ya watu. Uvimbe unadhaniwa ugonjwa mpya, anaongezewa dawa ya kukojoza. Sasa anaamka usiku kucha kwenda chooni, akisimama anaona kizunguzungu. Siku moja anaanguka na kuvunjika nyonga. Nasi twasema, "Ni uzee." La hasha! Diklofenaki anayojinunulia kwa ajili ya magoti nayo yaweza kupandisha presha ileile na kuumiza figo.

Wapo watakaosema daktari ndiye ajuaye. Ni kweli, lakini daktari hawezi kupima dawa asiyoambiwa. Kumficha vidonge vya dukani na mitishamba ni kumfunga macho.

Wala mtu asisome haya akamwachisha mzee dawa leo. Zipo dawa za moyo na za kifafa ambazo kuziacha ghafla ni hatari. Anayestahili kupunguza ni mtaalamu.

Basi, enyi watoto na wajukuu, safari ijayo ya kliniki bebeni mfuko mzima, pamoja na mitishamba. Ulizeni kwa kila dawa: hii ni ya nini, na je, bado inahitajika? Tusihesabu siku za wazee wetu tu. Tuhakikishe wanazipitisha wakiwa macho, wakila kwa hamu na kutembea wenyewe. Hiyo ni haki yao, na ni wajibu wetu.