Washauri wa komini waeleze pesa ziko wapi

Tarehe 20 Desemba 2023, wakaaji wa Kindu walichagua washauri wa komini zao tatu: Kasuku, Mikelenge na Alunguli. Alunguli iko ng'ambo ya Lualaba. Anayefuata shauri kwenye ofisi za jimbo sharti kwanza avuke mto. Walioomba kura huko wanalijua hilo vizuri.

Kwa sheria ya 2008, baraza ndilo linalopitisha bajeti ya komini. Tena miji, komini, sekta na usultani zinapaswa kugawana 40% ya fungu ambalo jimbo linapata toka Kinshasa. Limefika? Kiasi gani? Mshauri asimame sokoni awaambie wakaaji, hata kama jibu ni sifuri. Mama muuza samaki anadaiwa kodi papo hapo, mbele ya watu wote.