Jahazi la Taa Saba

Mwezi huu meza yetu ya chakula imegeuka karakana.

Binti yangu ana miaka 12. Kwenye klabu ya shule hapa Leicester alichora jahazi kwa kompyuta, kisha tukaagiza bodi za sakiti zenye umbo hilo. Zilikuja tano, maana kiwanda hakikubali oda ya moja. Ni nyeusi, tanga lina mistari ya rangi ya dhahabu, na kuna matundu ya taa saba ndogo za njano. Akaniambia kwa Kiingereza chake kuwa tutazilehemu wenyewe.

Nilishtuka. Marehemu baba yangu alikuwa fundi redio, Tanga. Nimekulia katika harufu ya lehemu, lakini pasi ile sikuwahi kuishika. Kaka zangu waliitwa kibandani wakafundishwa. Mimi nilipeleka chai.

Basi tukajifunza pamoja. Unaanza na vitu vifupi: rezista kwanza, kisha taa, mwisho kishikizo cha betri. Taa ina mguu mrefu na mfupi. Mrefu ndio chanya. Unapasha moto mguu na kiduara cha chuma kwa pamoja, unahesabu moja, mbili, ndipo unagusisha waya wa lehemu hapo kwenye kiungo, si kwenye ncha ya pasi. Ikikubali, hutambaa yenyewe na kusimama kama kichuguu kidogo. Ikibaki donge lililokaa juu juu, haijashika.

Tulipotia betri, taa sita ziliwaka, ya nne ikakaa kimya. Tulikuwa tumeiweka kinyume. Nikamwambia, "Achana nayo, tunazo bodi nne nyingine." Akakataa. Tukainyonya lehemu kwa utambi wa shaba, tukazidisha moto, na kiduara kikabanduka kabisa. Machozi yakamlenga.

Hapo nikakumbuka kopo la maziwa la baba, lililojaa vipande vya miguu ya rezista. Hakutupa hata kimoja. Tukaokota kipande tulichokikata, tukakilaza kama daraja kutoka mguu wa taa hadi kwenye kiungo cha jirani. Taa ya saba ikawaka.

Nikamsimulia habari za lile kopo. Akanyamaza, kisha akauliza kwa Kiswahili, "Babu alitengeneza redio za nani?" Mtoto huyu kwa miezi nimekuwa nikimsemesha Kiswahili na kujibiwa Kiingereza. Tulikaa mezani hadi saa nne usiku.

Kesho yake tulikata miguu iliyobaki, tukasugua mabaki ya kunata kwa spiriti na mswaki wa zamani, tukalitundika jahazi dirishani.

Ukitaka kujaribu nyumbani, fungua dirisha, moshi usivutwe, na nawa mikono kabla ya kula. Zile betri bapa kama sarafu zifiche mbali na watoto wadogo: mtoto akimeza, inaweza kuunguza koo ndani ya saa mbili. Usingoje, kimbia hospitali.

Bodi moja nimeituma Tanga kwa kaka yangu mkubwa, pamoja na taa zake. Nimemwandikia kwamba nikija likizo tutailehemu pamoja. Pasi nitashika mimi. Yeye alete chai.