NENO LA MWEZI HUU KATIKA MFUKO WA MBEGU: "TREATED"



Kila mvua zinapokaribia, mifuko ya mbegu za mahindi huletwa vijijini kwetu, Mbeya na Iringa. Mingine ina maandishi ya Kiingereza. Leo tujifunze neno moja: TREATED. Maana yake ni "iliyotiwa dawa". Dawa hiyo ni sumu ya kuzuia wadudu au ukungu. Mbegu hiyo ni ya kupanda tu. Hailiwi.

Tazama herufi za mwisho: ED. Katika Kiswahili tunasema "nilitia". LI inaonyesha wakati uliopita, nayo hukaa kabla ya "tia". Waingereza huweka alama yao mwishoni. Wanyakyusa na Wahehe hawatashangaa. Katika lugha zao pia maneno mengi ya jambo lililopita huishia na ILE. Basi mara nyingi ukiona ED, fahamu kuwa kazi imekwisha kufanyika.

Kiswahili husomwa kama kilivyoandikwa. Kiingereza sivyo. ED ina sauti tatu:

1. Baada ya sauti T au D, sema ID. "Treated" husomwa TRITID.
2. Baada ya sauti kama K, P, S, SH na CH, sema T. "Mixed", yaani iliyochanganywa, husomwa MIKST.
3. Baada ya sauti nyingine, sema D. "Sealed", yaani iliyofungwa, husomwa SILD.

Usiongeze I mwishoni. Usiseme "tritedi".

Je, neno hili lina uzito gani? Mwaka 1971 ngano ya mbegu iliyotiwa dawa ya zebaki ilipelekwa nchi ya Iraki. Onyo lake liliandikwa kwa Kihispania na Kiingereza. Wakulima wengi hawakuweza kulisoma. Waliisaga ngano hiyo, wakaoka mikate. Kufikia mwaka 1972, watu 6,530 walikuwa wamelazwa hospitali. Kati yao 459 walikufa.

Mbegu yenye dawa mara nyingi hutiwa rangi. Usidanganyike ukiiosha. Rangi yaweza kutoka na sumu ikabaki. Usiisage, wala usiwape kuku. Usiweke unga katika mfuko wake. Mbegu iliyobaki iweke mbali na watoto.

ZOEZI: Chukua mfuko wa mbegu. Tafuta maneno yanayoishia na ED. Yasome kwa sauti. Kisha mwonyeshe neno TREATED jirani ambaye bado hajajua kusoma. Kisomo chako kimlinde na yeye.

Ni mimi, Bwana Shamba wenu.