Mbuzi Ana Kibali, Nyumba Haina: Risala ya Wakazi Kuhusu Upekuzi wa Polisi

Mheshimiwa Mgeni Rasmi,

Sisi wakazi wa kijiji kimoja cha Kaunti ya Kitui tunakukaribisha barazani. Polisi tunawahitaji: mwizi wa mifugo na mpishi wa pombe haramu hutuumiza sisi kwanza. Lakini kuna jambo limetukaa kooni. Huku kwetu, mbuzi akipelekwa kuuzwa Nairobi husafiri na kibali. Nyumba ya mtu hupekuliwa bila karatasi yoyote.

Malalamiko yetu:

1. Msako wa kaluvu, pombe ya kienyeji, huja usiku wa manane. Katika boma moja, saa nane, mama mjane aliamshwa kwa mateke mlangoni. Gunia lake la ndengu za mbegu likamwagwa sakafuni. Madebe mawili ya asali ya mizinga yake yakabebwa, eti ni ya kutengenezea pombe. Hakuandikiwa chochote. Kulipokucha, wajukuu waliokota ndengu moja moja wakitia kwenye ungo.

2. Vijana wa bodaboda huamriwa kufungua simu barabarani. Jumbe za M-Pesa husomwa, na picha za familia hupita mkono kwa mkono.

3. Wanawake hupapaswa na maofisa wanaume.

Sheria hatuitungi leo. Kifungu cha 31 cha Katiba ya 2010 kinalinda mwili, nyumba, mali na mawasiliano ya kila mtu. Sheria ya Mwenendo wa Kesi za Jinai, kifungu cha 118, inataka hakimu aelezwe sababu kwa kiapo ndipo atoe kibali. Kifungu cha 119 kinataka upekuzi ufanywe kati ya macheo na machweo, isipokuwa mahakama iruhusu saa nyingine. Kifungu cha 27 cha sheria hiyo hiyo kinasema mwanamke apekuliwe na mwanamke, kwa staha. Hata penye dharura, kifungu cha 60 cha Sheria ya Huduma ya Taifa ya Polisi ya 2011 kinamtaka ofisa aandike kwanza sababu zake na kitu anachokitafuta.

Kwa hiyo tunadai:

(a) Kibali kionyeshwe mlangoni na kuelezwa, kwa Kikamba inapohitajika.

(b) Kila kinachochukuliwa kiorodheshwe, mwenye nyumba apewe nakala na namba ya OB, kitabu cha matukio cha polisi.

(c) Simu ya mtu isipekuliwe bila idhini ya mahakama.

(d) Pasipo na ofisa mwanamke, mwanamke asiguswe.

(e) Asali ya mama yule irudishwe au ilipwe.

Tusipojibiwa kwa siku 30, tutapeleka malalamiko haya kwa IPOA, mamlaka huru ya kusimamia utendaji wa polisi.

Mheshimiwa, mama mwenyewe ameketi safu ya mbele. Ametutuma tuseme hivi: wangekuja mchana na karatasi mkononi, mlango angewafungulia mwenyewe, na viti angewatolea.



Ni sisi wakazi.