Kamera Isiyo na Sikio

Imekuwa ada sasa, Visiwani na mwambao, kwamba mwanafunzi wa habari, wa sanaa au wa lugha hutakiwa kutengeneza filamu fupi ya hali halisi kabla ya muhula kumalizika. Wanafunzi hugawanywa makundi: huyu mwongozaji, yule mpigapicha, wa tatu msimamizi wa sauti, wa nne mhariri. Hupewa wiki kadhaa, na siku ya mwisho filamu ya dakika kumi huoneshwa ukutani, makofi yakapigwa, alama zikaandikwa. Zoezi lenyewe ni jema. Zamani kamera ilikuwa mali ya televisheni na ya mgeni. Leo simu ya mfukoni inatosha. Wanaoliponda kwa kudai kwamba linawapotezea vijana wakati hawajasema la maana. Linalostahiki kushutumiwa ni namna linavyofundishwa na linavyopimwa, kwani aghalabu kijana hufundishwa kutazama muhula mzima na hafundishwi kusikiliza hata siku moja.

Ushahidi hauko mbali. Nani asiyezijua filamu za Mwaka Kogwa? Kila Julai, kule Makunduchi, kusini ya Unguja, watu hukusanyika kuupokea mwaka wa Nairuzi, kalenda ya jua ambayo asili yake hunasibishwa na Uajemi. Wanaume wa pande mbili hupigana kwa migomba, kibanda cha makuti huchomwa moto, na wanawake, wakiwa wamevalia nguo zao za fahari, huzunguka uwanjani wakiimba. Kamera za wanafunzi, sawa na za watalii, hukimbilia migomba na moshi. Nyimbo za wanawake husikika kwa mbali, sekunde nne au tano, kisha sauti ya msimuliaji huzifunika ili kumweleza mtazamaji kwamba wanawake nao huimba. Huimba nini? Filamu haijibu. Utungo wenyewe, wenye mapenzi, mafumbo na mambo ya maisha, umegeuzwa kelele ya nyuma ya picha, ilhali moto, ambao hauna neno hata moja, umepewa nusu ya filamu.

Kosa hili halizaliwi uwanjani. Huzaliwa darasani, siku ya kupanga. Skripti huandikwa kabla ya mwandishi wake kufunga safari hata moja. Humo huwa tayari mmeandikwa kwamba "mzee ataeleza umuhimu wa mila", kana kwamba mzee ni mchezaji aliyekodiwa. Siku ikifika, mzee huyo huketishwa mahali penye mwanga mzuri, akaulizwa maswali ambayo majibu yake yameshaandikwa, na akitoka nje ya njia hurejeshwa. Akisema Kimakunduchi chake, Kitumbatu chake au Kipemba chake, huombwa kwa adabu atumie Kiswahili "cha kawaida" ili watu wamfahamu. Basi bibi wa miaka themanini, ambaye lugha imo kinywani mwake tangu hajajua kutembea, hugeuka mwanafunzi wa mjukuu wake. Husema sentensi mbili zilizonyooka, zisizo ladha, na wapigapicha huondoka wakifurahi. Walilolifuata wamelipata, nalo ni lile walilokuja nalo.

Kisha huja uhariri, na hapa ndipo wapenzi wa mashairi wanapopaswa kulia. Kuhariri ni kukata, na kukata si dhambi. Mshairi naye hukata maneno mpaka mizani itimie. Lakini mshairi anajua pa kukata. Ubeti wa utenzi una vipande vinne, na kina cha kipande cha nne ndicho kinachoufunga ubeti na kuuunganisha na beti nyingine zote. Mhariri akikata baada ya kipande cha tatu, kwa sababu picha imeanza kumchosha, hakupunguza robo ya ubeti: ameuvunja wote. Angefanya hivyo barazani mbele ya wajuzi angerudishwa palepale. Akifanya kwenye kompyuta husifiwa kwa kasi ya filamu yake. La kusikitisha zaidi ni ule muziki unaochotwa kwenye intaneti na kumiminwa chini ya sauti ya msomaji. Utenzi husomwa kwa mahadhi, na mahadhi ni muziki tayari. Kuweka kinanda cha huzuni chini ya mahadhi ni kumpigia mtu ngoma ya pili wakati anacheza ya kwanza.

Jambo hili lina kisa kinachofaa kusimuliwa katika kila darasa la filamu. Mfaransa Jean Rouch, mmoja wa mabingwa wa filamu za hali halisi, alipiga filamu ya wavuvi wa Kisorko wakiwinda viboko katika mto Niger, na katika uhariri akaitia muziki wa kienyeji wa uwindaji, akidhani amewaenzi. Mwaka 1954 alirudi Ayorou akawaonesha wenyewe. Wawindaji wakamkosoa: kiboko ana masikio, na muziki ule ungemkimbiza, windo halitaki ila kimya. Rouch aliutoa muziki ule. Msomi mwenye zana zote alifundishwa uhariri na watu ambao hawakuwahi kushika kamera, kwa sababu moja tu: alirudi na filamu akakaa nao kuitazama. Na hata yeye hakusalimika na lawama, kwani mwaka 1965 Ousmane Sembène wa Senegal alimwambia usoni kwamba yeye na wenziwe huwatazama Waafrika kama wadudu. Ikiwa aliyerudi alilaumiwa hivyo, itakuwaje hali ya asiyerudi kabisa?

Walimu wana majibu yao, na yanastahiki kusikilizwa. La kwanza ni kwamba mtazamaji wa leo hana subira, na dakika kumi hazitoshi kuchukua wimbo mzima. Ufupi si udhuru. Siti binti Saad aliporekodi Bombay mwaka 1928, upande mmoja wa sahani ya santuri ulibeba kiasi cha dakika tatu tu, na wimbo ulilazimika kuingia humo. Lakini sahani haikuwa na picha ya kuisitiri sauti iliyoharibiwa. Sauti ndiyo iliyokuwa bidhaa, kwa hiyo ilipewa haki yake, na hadi leo anayetaka kumjua Siti huanza kwa kumsikia. Filamu ya dakika kumi inaweza kuchukua wimbo mmoja wa dakika tatu bila ya kuukata, ikabakiwa na dakika saba za kila kitu kingine. Wanaosema nafasi haitoshi wamekwisha kuitumia kwa machweo ya jua na ngalawa.

Jibu la pili ni zito zaidi: hii ni kazi ya darasa tu, na kosa la mwanafunzi hufutwa na kosa la mwaka ujao. Lau ingekuwa hivyo! Tarehe 25 Disemba 2020 sehemu kubwa ya Beit al-Ajaib ilianguka pale Forodhani, ikaua. Tangu siku ile, kila picha ya ukumbi na ngazi zake iliyopigwa na mwanafunzi yeyote, hata iliyotikisika, imekuwa ushahidi. Nyumba huweza kujengwa upya. Msomaji wa tenzi aliyekufa hajengwi. Bi Kidude alifariki Aprili 2013, naye alikuwa na bahati ya kurekodiwa sana, hata filamu nzima ikatengenezwa juu yake mwaka 2006, japo mtengenezaji wake hakuwa mwana wa Unguja. Makungwi, manju na waimbaji wasiokuwa na jina mijini hawana bahati hiyo. Kwa wengi wao, kundi la wanafunzi watano wenye simu ndilo litakalokuwa la kwanza na la mwisho. Hakuna "mwaka ujao".

Na watu wa visiwa hivi, kuliko wengine, wanajua maana ya kuonekana bila ya kusikika. Katika filamu ya Kiitaliano *Africa Addio* ya mwaka 1966 zimo picha za Zanzibar ya Januari 1964, zilizopigwa kutoka angani. Watu wanaonekana chini, wadogo kama punje. Maneno yote ni ya msimuliaji aliye juu. Picha zile zimezusha ubishi hadi leo, na kila mbishi huzitia maneno yake, kwa sababu waliomo ndani yake hawakuwahi kuulizwa neno. Mwanafunzi anayezima sauti ya bibi ili aweke yake hafanyi ukatili wa kiasi hicho, lakini somo analojifunza ni lilelile: kwamba anayeonekana haimlazimu kusema.

Wapo pia, upande wa pili, wazee wa utamaduni wanaotaka kamera ipigwe marufuku kabisa kwenye shughuli. Hasira yao ina sababu, lakini dawa yao ni sumu. Jambo lisilorekodiwa halibaki safi. Hubaki midomoni mwa wachache, kisha likazikwa nao. Wenye hoja hiyo wangefanya vyema wakadai haki badala ya marufuku.

Na haki yenyewe si ghali. Wanafunzi waende mara ya kwanza bila ya kamera, wakae, wasikilize, na skripti iandikwe baada ya hapo. Kipaza sauti kiwekwe karibu na kinywa na kikingwe upepo kabla ya mtu kufikiria mwanga. Mwenye lahaja aachwe na lahaja yake, na tafsiri iandikwe chini ya picha. Shairi likatwe mwisho wa ubeti au lisikatwe. Filamu ioneshwe kwanza kwa waliomo, wapewe nafasi ya kukosoa, ndipo ipelekwe kwa mwalimu. Na rekodi nzima, isiyohaririwa, ihifadhiwe, nakala moja skuli na nyingine kwa wenyewe, badala ya kufutwa ili simu ipate nafasi.

Anayepima kazi hizi ana swali moja tu la kuongeza katika karatasi yake ya alama. Asiulize picha ilikuwa nzuri kiasi gani. Amuulize mwanafunzi: wale wanawake walikuwa wanaimba nini? Atakayeweza kujibu kwa maneno yao, kuanzia kipande cha kwanza hadi cha mwisho, apewe alama zake. Asiyeweza arudi Makunduchi Julai ijayo, na simu aiache nyumbani.