Daftari la Wiki: Msitu Hautunzwi kwa Kufuli

Mtu wa Mombasa akiaga nyumbani jioni kwamba anakwenda kupunga upepo, hakuna anayemuuliza anakwenda kufanya nini huko. Upepo wenyewe ndio shughuli. Atashukia Mama Ngina, atakaa chini ya mbuyu, atanunua muhogo wa kukaanga uliopasuliwa katikati ukatiwa pilipili na ndimu, dafu moja, kisha atatazama meli ikiingia Kilindini taratibu mpaka jua lizame. Unguja watu hufanya hivyo hivyo Forodhani. Nairobi, kwa miaka mingi, Jumapili ya Uhuru Park ilikuwa kwaya upande huu, mhubiri upande ule, mpiga picha katikati, na watoto wakigombea zamu ya mashua. Nayataja haya kwa sababu ipo hoja inayorudi kila yanapozungumzwa mabustani na misitu ya karibu na miji yetu: kwamba kutembea msituni ni mazoea ya wageni na matajiri, na mwananchi wa kawaida ana mambo mengine ya kushughulikia. Lugha yenyewe inaikanusha hoja hiyo. Watu wasiokuwa na mazoea ya kupunga upepo wasingekuwa na kitenzi chake.

Basi swali si kama watu wetu wanataka kutoka. Swali la wiki hii ni la pili yake: wakitoka, wakaingia msituni, msitu unapata nini? Wapo wanaoamini kwa moyo safi kwamba njia bora ya kuuhifadhi msitu ni kuwazuia watu kuukaribia. Mimi naamini kinyume, angalau kwa misitu iliyozungukwa na miji. Msitu wa mjini usiotembelewa huwa mali ya yeyote mwenye msumeno, au mwenye hati.

Ushahidi wangu mkubwa ni Karura. Msitu huo wa kaskazini mwa Nairobi ulitangazwa kuwa hifadhi mwaka 1932, nao una zaidi ya hekta 1,000. Miaka ya 1990 sehemu zake zikagawiwa wajenzi kimya kimya, kama ilivyokuwa desturi ya wakati huo kwa ardhi ya umma. Januari 8, 1999, Profesa Wangari Maathai alifika huko na wenzake, wakiwemo wabunge na waandishi wa habari, ili wapande miche. Wakakuta lango, na nyuma ya lango walinzi wa kukodiwa. Walishambuliwa kwa marungu na mijeledi. Maathai akapasuliwa kichwa, akaenda kituo cha polisi na kuitia sahihi taarifa yake kwa damu iliyokuwa ikimtiririka. Kelele ilipofika nje ya nchi na wanafunzi wa vyuo vikuu wakaingia barabarani, Rais Moi, Agosti mwaka huo huo, alipiga marufuku ugawaji wa ardhi ya umma.

Historia hiyo husimuliwa mara nyingi, na kila mara huishia hapo, kana kwamba msitu ukishaokolewa umeshatunzwa. Haukutunzwa. Kwa miaka kama kumi baadaye Karura ulibaki jina la kutisha: ulijulikana kwa majambazi, mitambo ya chang'aa na maiti zilizotupwa usiku. Wakazi wa karibu waliupita wakiwa wamefunga vioo vya magari. Kilichobadilisha mambo kilikuja kwa mlango wa sheria: Sheria ya Misitu ya mwaka 2005 iliyoruhusu vyama vya wananchi kushirikiana na serikali katika usimamizi. Chama cha wakazi kikaundwa, uzio wa umeme ukajengwa, vijana wa vijiji vya pembeni wakaajiriwa kuwa walinzi, na mwaka 2011 malango yakafunguliwa kwa umma. Leo kuna zaidi ya kilomita 50 za njia, na kila njia panda ina nguzo yenye namba, ili aliyepotea awapigie simu walinzi na kuwaambia yuko wapi.

Nguzo hizo zinastahili kutazamwa kidogo, maana ndizo siri ya jambo zima. Mkataji miti wa wizi anahitaji vitu viwili: saa kadhaa na ukimya. Mti mkubwa hauangushwi, ukapasuliwa mbao, ukabebwa, ndani ya dakika kumi. Sasa weka katika njia ile ile mkimbiaji wa alfajiri, mama na watoto wake saa nne, waendesha baiskeli adhuhuri, wapenzi saa tisa. Hakuna hata mmoja wao aliyekuja kulinda chochote. Lakini kila mmoja ana masikio na simu, na nguzo imempa anwani ya kutaja. Msumeno ukilia, utasikika. Kisiki kibichi kikionekana Jumamosi ambacho Jumatano hakikuwapo, kitaulizwa. Ulinzi wa aina hiyo hauna mshahara, na serikali isingeweza kuulipia hata ingetaka.

Mpinzani mwerevu atasema nimepuuza uzio. Kilichouokoa Karura, atasema, ni nyaya za umeme na majirani wenye fedha wa Muthaiga, Runda na Gigiri. Nyayo za watu ni pambo tu. Nakubali nusu. Fedha za majirani zilisaidia, na mwenye kuificha habari hiyo anawadanganya watu wa mitaa isiyo na majirani wa namna ile. Lakini uzio haujui unamtumikia nani. Mwaka 1999 Karura ulikuwa na lango na ulikuwa na walinzi, wote wakiwa upande wa wanyakuzi. City Park nayo, iliyo Parklands, mtaa usio wa maskini, imenyemelewa na wanyakuzi mara kwa mara hata baada ya kutangazwa turathi ya taifa. Lango lile lile hugeuka maana kutegemea ni nani mwenye haki ya kuingia.

Hapo ndipo tunapofika kwenye ada, na hapo nina ugomvi na watu wa upande wangu. Kwa miaka mingi mtu mzima raia aliingia Karura kwa kiasi cha shilingi 100. Watetezi husema hiyo si kitu. Kwa mtu mmoja si kitu kweli. Lakini chukua baba na mama wa Kayole wenye watoto watatu: nauli ya kuingia mjini, nauli ya kutoka mjini kwenda lango la Kiambu Road, ada ya kila kichwa, maji, maandazi, kisha nauli zote kinyumenyume. Ada ni sehemu ndogo tu ya hesabu hiyo, na bado ndiyo inayoweza kuivunja safari. Linganisha na Mbuga ya Taifa ya Nairobi, ya tangu 1946, ambako raia alilipa shilingi 430 kwa muda mrefu, na juu ya hizo lazima awe na gari, maana simba hawajali tiketi. Mbuga hiyo iko mlangoni mwa jiji, na wakazi wengi wa jiji huiona kutoka kwenye dirisha la treni ya SGR tu.

Je, ada iondolewe kabisa? La, na sababu yangu si ya kihasibu. Pesa inayokusanywa langoni na kutumiwa msituni inaonekana: daraja la mbao limetengenezwa, njia imefyekwa, choo kina maji. Mlipaji anaweza kudai. Ndiyo maana Agosti 2025, shirika la serikali la misitu lilipoagiza malipo ya Karura yapitie eCitizen, mfumo wa serikali wa malipo ya mtandaoni, chama cha wakazi kilikwenda mahakamani. Serikali ina hoja yake. Pesa ya umma ihesabiwe na umma, na vyama vya wananchi si malaika. Lakini shilingi iliyopanda hadi hazina kuu hushuka kwa kuchelewa, kama hushuka. Kwa maoni yangu ada ibaki ndogo, ibaki karibu na miti iliyolipiwa, hesabu zake zibandikwe langoni zisomwe na kila mtu, na siku moja kwa mwezi lango liwe bure. Shule za serikali zisilipe kamwe.

Kwamba watu huharibu ni kweli, na atakayebisha aende City Park akawatazame kima. Miaka mingi ya kulishwa karanga imewafundisha biashara. Kima mmoja anashuka mtini bila haraka, anasimama hatua mbili mbele ya mtoto, anaukagua mkono mmoja, kisha wa pili, na kama yote ni mitupu anauendea mkoba wa mama. Anaufungua zipu. Huyo si mnyama wa mwitu tena, na waliomfikisha hapo ni wageni wema wenye karanga. Lakini uharibifu wa mgeni una dawa iliyo rahisi kuliko dawa ya mnyakuzi: kanuni, na mtu wa kuisimamia. Juni 5, 2020, Kenya ilipiga marufuku plastiki za kutumiwa mara moja katika mbuga, misitu na fukwe zilizohifadhiwa. Penye askari anayekagua mikoba, kanuni hiyo inashika. Huko Karura, pamoja na nyayo zote hizo, mbega waliohamishwa kutoka Nyandarua walikowasumbua wakulima wamepata makao na kuzaana. Kelele za watoto wa shule hazijawafukuza.

Hatari ni hoja nzito zaidi, na sitaipita kwa mzaha. Hell's Gate, karibu na Naivasha, ni mojawapo ya mbuga chache ambamo mtu anaruhusiwa kutembea kwa miguu, kuendesha baiskeli na kulala hemani bila kuzungukwa na mabati ya gari. Aprili 2012 mafuriko ya ghafla yaliwaua vijana wa kikundi cha kanisa waliokuwa ndani ya korongo lake. Septemba 2019 yakachukua watu saba. Korongo lile ni jembamba, kuta zake zimelainishwa na maji yale yale, na jambo linalowadanganya wageni ni kwamba mvua si lazima inyeshe pale waliposimama. Inanyesha mlimani, mbali, huku juu ya vichwa vyao anga ni buluu. Kuna wanaosema basi tufunge. Kulifunga korongo wakati wa mvua ni busara. Kulifunga moja kwa moja ni kukiri kwamba hatuwezi kumweka mtu mwenye redio ya mawasiliano juu ya mlima na kumpa amri ya kupiga king'ora. Bahari imewaua watu wengi kuliko korongo lolote, na hakuna aliyependekeza kuifunga Mama Ngina.

Nikivuka mpaka, naona upande wa pili wa hoja yangu katika milima ya Pugu, nje kidogo ya Dar es Salaam. Misitu ya Pugu na Kazimzumbwi ni mabaki ya misitu ya pwani ya kale, yenye mimea isiyopatikana kwingine duniani, na iko umbali wa safari ya daladala kutoka uwanja wa ndege. Shule ya Pugu, alikofundisha Mwalimu Nyerere kabla ya kuacha ualimu kwa ajili ya siasa, iko hapo hapo. Katika mahandaki ya zamani ya machimbo ya kaolini popo hutoka jioni kwa makundi kama moshi. Jiji lingine lingeweka kituo cha basi mbele ya tamasha kama hilo. Badala yake, kwa miongo kadhaa, kilichotoka Pugu kwa wingi kuliko wageni ni magunia ya mkaa. Wachoma mkaa hawakuwa watu wabaya. Jiji lilitaka kupika, nao walitaka kula. Lakini tanuri la mkaa huwaka siku nyingi na hutoa moshi mrefu, na ili lifike mwisho wake ni lazima asiwepo mtu wa kupita.

Wakazi wa pembeni ya msitu wasipopata kitu, nyayo za wageni hazitatosha, na hili ndilo pingamizi ninaloliheshimu kuliko yote. Jozani, Unguja, walilijibu mapema. Kima punju, asiyepatikana ila Zanzibar, hula majani na matunda machanga ya wakulima wa jirani. Mkulima aliyepoteza embe zake hakuhitaji somo la bioanuwai, alihitaji fidia. Sehemu ya mapato ya wageni ikaelekezwa kwa vijiji na kwa wakulima wenyewe, na kima yule yule akageuka kutoka mwizi kuwa mpangaji anayelipa kodi, ingawa kodi hiyo mkulima huiona ndogo kila mwaka.

Ombi langu kwa wenye madaraka Nairobi si kubwa: msiniongezee mbuga, wekeni kibao cha matatu kinachosema “Msituni” kwenye lango la Kiambu Road, na bei iandikwe kwa Kiswahili. Na wewe unayepanga kwenda Jumapili hii, beba maji katika chupa ya kurudi nayo nyumbani, maana ile ya plastiki utaiacha kwa askari langoni. Karanga usibebe.